Shahidi wa Rangi: Historia ya Kupima Maji ya Tangi la Samaki Lenye Mimea

Maji ni msiri. Uso wake huonekana na kila apitaye, lakini hakika yake haitolewi bure. Maji ya kisima yaliyo maangavu kama kioo yaweza kuwa na sumu, na maji ya kijito yenye rangi ya chai yaweza kuwa salama kabisa kwa viumbe waishio humo. Jicho peke yake halitoshi kuamua, wala pua, wala ulimi.

Kwa sababu hiyo mtu afugaye samaki nyumbani katika tangi la kioo, akapanda humo mimea ya majini, huwa amejitwalia kazi ya hakimu pasipo kujua. Kila juma huchota maji kidogo katika kichupa, hutia matone ya dawa ya kupimia, husubiri dakika chache, kisha hulinganisha rangi iliyotokea na rangi zilizochapwa katika kadi. Rangi ndiyo shahidi, na uhai wa samaki ndio unaongoja hukumu. Lakini shahidi huyo mara nyingine husema hili asubuhi na lile jioni, au hutangaza kwamba hali ni njema ilhali samaki wanahema juu ya uso wa maji. Hapo watu wengi humfukuza shahidi barazani. Wachache huuliza swali lililo bora zaidi: aliulizwa nini, aliulizwa saa ngapi, na aliyemsikiliza alisikia sawasawa?

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 250. Waliolijenga ni wanakemia, wakulima, wapimaji wa maji ya miji na watengenezaji wa bia, na wengi wao hawakuwa na samaki hata mmoja. Katika historia hiyo mna fundisho moja linalorudi kila mara: vipimo vingi vilivyodhaniwa kuwa vya uongo vilikuwa vya kweli, ila vilijibu swali jingine mbali na lile mpimaji alilodhani ameuliza.

Habari yaanza na jani la nanaa. Katika mwaka 1771, mjini Leeds, kasisi Joseph Priestley alifunika mshumaa ndani ya chombo cha kioo mpaka ukazimika, akatia humo kichipukizi cha nanaa, na baada ya siku kadhaa akaona kwamba mshumaa waweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Panya naye aliweza kuishi humo. Ilionekana, basi, kwamba mmea huirudishia hewa uzuri ule ambao moto na pumzi za wanyama zimeuharibu. Wazo hilo ndilo mzizi wa tangi lenye mimea: samaki hupumua na mmea husafisha.

Lakini jaribio halikutulia. Priestley mwenyewe alipolirudia katika miaka iliyofuata alipata majibu yanayopingana, na Carl Scheele, mwanakemia wa Uswidi, aliona kwamba mimea aliyoijaribu iliharibu hewa badala ya kuitengeneza. Wataalamu wawili waaminifu walitazama jambo moja wakatoa habari mbili. Aliyepatanisha ugomvi huo ni tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz. Katika kiangazi cha mwaka 1779 alikaa karibu na London akafanya majaribio zaidi ya 500, mengi yao kwa majani yaliyozamishwa majini ili mapovu yake yaonekane. Aligundua kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa njema zikiwa katika mwanga wa jua tu. Gizani mmea huichafua hewa kama mnyama afanyavyo. Kumbe Priestley hakukosea, wala Scheele hakukosea. Kilichokosekana ni kuandika kama mwanga ulikuwapo au haukuwapo.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa kuwa kosa hilo la karne ya 18 hurudiwa kila siku majumbani mwa wafuga samaki. Mchana mimea ya tangi hula kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini. Gesi hiyo huyapa maji uchachu kidogo, na ikipungua uchachu hupungua pia. Usiku mimea na samaki huirudisha, na uchachu huongezeka. Mtu apimaye Jumatatu alfajiri kabla ya taa kuwashwa, kisha akapima Alhamisi jioni baada ya taa kuwaka saa nane, atapata hesabu mbili zilizo mbali, naye atadhani ama dawa yake imeharibika ama maji yamebadilika tabia. Yote mawili si kweli. Ameyapima maji yaleyale katika nusu mbili za siku. Katika tangi ambalo kaboni dioksidi hupulizwa mchana kutoka katika mtungi, mwendo huo waweza hata kugeuka kinyume. Dawa ya maradhi hayo haiuzwi dukani: ni kupima saa ile ile kila siku ya kupima, na kuiandika saa hiyo kando ya hesabu.

Miaka 70 baada ya Ingenhousz, wazo la mizani baina ya mmea na mnyama liliingizwa ndani ya kioo kwa makusudi. Robert Warington, mwanakemia wa Apothecaries' Hall mjini London, na mmoja wa waanzilishi wa Chemical Society ya mwaka 1841, aliweka katika chombo cha kioo maji, mchanga, mawe, samaki wa dhahabu wawili na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha majani makuukuu ya mmea yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na utando wa kijani ukatambaa juu ya kioo. Warington hakuvunja jaribio. Alifikiri namna bwawa linavyojisafisha lenyewe, akatia konokono wachache wa majini. Konokono wakala majani yaliyooza na utando ule, mayai yao yakawa chakula cha samaki, na maji yakarudi kuwa maangavu. Aliwasomea wenzake habari hizo mwaka 1850.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium, ambacho kiliipa shughuli hiyo jina lake la kudumu. Sebule za Uingereza zikajaa vyombo vya kioo. Wengi wa walionunua vyombo hivyo walichukua kwa Warington neno moja tu, nalo ni mizani, wakaiacha saburi yake. Walirundika samaki wengi katika maji machache, wakaamini kwamba mmea mmoja utalipa madeni yote. Samaki walikufa katika maji yaliyo maangavu, na hapakuwa na mtu wa kueleza kwa nini, kwa sababu kipimo cha Warington kilikuwa macho yake. Macho yaliona majani yanayooza, lakini hayakuweza kuona kile kinachotoka katika uozo na katika matamvua ya samaki wenyewe. Hicho ni amonia.

Uwezo wa kuiona amonia ulizaliwa kwa ajili ya watu, wala si kwa ajili ya samaki. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu wa London katika karne hiyo, na mwaka 1854 tabibu John Snow alionyesha kwamba vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka bomba moja la maji. Maji ya bomba lile hayakuonekana kuwa ya kutisha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1856, Mjerumani Julius Nessler alitengeneza dawa yenye zebaki ambayo hugeuka manjano, kisha hudhurungi, ikikutana na amonia hata iwe chache mno. Mwaka 1859 Mfaransa Marcellin Berthelot aliandika juu ya njia nyingine itoayo rangi ya buluu. Uzao wa njia hizo mbili ndio uliomo hata leo katika vichupa vya kupimia amonia: vile vya manjano hufuata ukoo wa Nessler, na vile vya kijani na buluu hufuata ukoo wa Berthelot.

Mara tu rangi ilipopatikana, ugomvi juu ya maana yake ulianza. Katika miaka ya 1860 na 1870 mabingwa wawili wa kupima maji nchini Uingereza, Edward Frankland na James Alfred Wanklyn, walipingana hadharani kwa maneno makali. Njia ya Frankland ilihitaji chumba maalumu cha kazi, vyombo vya thamani na mkono uliozoea. Njia ya Wanklyn ilikuwa nyepesi, na mtu wa kawaida aliweza kuifuata. Frankland alilaumu wepesi, Wanklyn alilaumu ugumu. Zaidi ya hayo, Frankland alizihesabu nitrati zilizomo majini kuwa alama ya uchafu uliopita, kama majivu yanavyoonyesha kwamba palikuwa na moto. Wapinzani wake waliuliza ni haki gani kuyahukumu maji ya leo kwa dhambi za jana. Wote wawili walipima kwa uangalifu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kukipima kile hasa walichokiogopa, yaani kijidudu cha kipindupindu, ambacho Robert Koch alikuja kukitambulisha kwa ulimwengu katika miaka ya 1883 na 1884. Walipima kivuli wakabishana juu ya mwili.

Mwunganisho wa mambo haya ulitoka katika uchafu wenyewe. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji machafu ya mji polepole katika bomba refu lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi hakuna lililotokea. Kisha amonia ikaanza kutoweka na nitrati ikatokea mahali pake. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambao huwalewesha viumbe hai, kazi ilisimama. Ilikuwa dhahiri kwamba ni viumbe, wala si hewa tupu, waliokuwa wakiigeuza amonia kuwa nitrati. Siku zile 20 za kimya ndizo siku ambazo kila tangi jipya la samaki hupitia hata leo, na ndizo zinazoua samaki wa watu wasio na subira.

Aliyelipokea jambo hilo nchini Uingereza alikuwa na jina linalojulikana: Robert Warington, mtoto wa yule wa konokono. Baba alikuwa amefariki mwaka 1867. Mwana, aliyezaliwa mwaka 1838, alifanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, na kwa miaka mingi alichunguza jinsi udongo unavyotengeneza nitrati. Alionyesha kwamba kazi hiyo huenda vizuri gizani, na kwamba ina hatua mbili zenye wafanyakazi tofauti: kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti, halafu nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Baba aliona mizani kwa macho, mwana aliihesabu kwa rangi. Hata hivyo hakufaulu kuwatenga viumbe wenyewe, kwa kuwa aliwalisha vyakula vya kawaida vya bakteria, nao hawakuvitaka. Mwaka 1890 Percy Frankland, mtoto wa Edward Frankland, pamoja na mkewe Grace walipata mafanikio ya kwanza, na mwaka huohuo Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kiev aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwatenga vijidudu hivyo katika chakula kisicho na chembe ya kitu kilichopata kuwa hai.

Nitriti ilihitaji shahidi wake yenyewe. Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mwanakemia katika kiwanda cha bia mjini Burton, alieleza mwaka 1879 jinsi ya kuitambua kwa rangi nyekundu iliyo kali ajabu. Njia yake ina nguvu hata sasa, na humo mmefichika sababu moja kubwa ya majibu yasiyoaminika ya nitrati. Rangi ya Griess hutoka kwa nitriti, haitoki kwa nitrati. Ili kupima nitrati ni lazima kwanza kuirudisha kuwa nitriti, na vichupa vingi vya nyumbani hufanya kazi hiyo kwa unga laini wa madini, aghalabu zinki. Unga huo hutuama chini ya chupa na kushikamana. Asiyeitikisa chupa kwa nguvu na kwa muda uliotajwa atadondosha maji yasiyo na unga, na nitrati zote zilizomo tanginí zitapita bila kuonekana. Kadi itasema sifuri. Juma lijalo atatikisa vizuri, na kadi itasema 40. Mtu huyo atatafuta kilichoharibika katika tangi, ilhali kimetuama katika chupa.

Sababu hiyohiyo yaeleza jambo la pili. Ikiwa tangi ni jipya na lina nitriti tayari, kipimo cha nitrati kitaihesabu nitriti hiyo pamoja na nitrati na kutoa jumla iliyovimba. Jambo la tatu ni la lugha ya hesabu. Maabara nyingine huandika uzito wa nitrati yote, na nyingine huandika uzito wa nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili kwa mara 4.4 hivi. Miligramu 10 za nitrojeni na miligramu 44 za nitrati katika lita moja ni kitu kimoja kilichovaa majina mawili. Watu wawili waweza kugombana usiku kucha juu ya maji ambayo vipimo vyao vimekubaliana kabisa.

Amonia nayo ina mitego yake. Miji kadhaa hutia majini kloramini, ambayo ni klorini iliyofungwa pamoja na amonia. Dawa ya kuondoa klorini huvunja kifungo hicho na kuiacha amonia majini, hata kama mara nyingine huifunga upya isimdhuru samaki. Kipimo huiona amonia hiyo kwa muda, na baadhi ya dawa za kutuliza maji huivuruga rangi ya Nessler zaidi ya ile ya Berthelot. Anayepima mara tu baada ya kubadilisha maji, basi, huipima dawa yake mwenyewe.

Lakini mtego mkubwa kuliko huo ulifichuliwa mwaka 1909 katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Huko Søren Sørensen aliweka mizani ya uchachu iitwayo pH, ambamo hatua moja ni badiliko la mara kumi na hatua mbili ni mara mia. Kwa mizani hiyo ilikuwa rahisi kueleza kwa nini kiasi kilekile cha amonia huua mahali pamoja na kuvumilika mahali pengine. Majini amonia huwa na sura mbili: moja ni gesi iliyoyeyuka, yenye sumu kali, na nyingine imebeba chaji ya umeme na ina madhara machache. Vipimo vya kawaida huzijumlisha zote mbili. Katika maji ya joto la nyuzi 25 za Sentigredi yenye pH 7, sura ya sumu ni kama sehemu 6 katika 1,000. Kwenye pH 8 ni kama sehemu 5 katika 100. Kwenye pH 9 ni kama sehemu 36 katika 100.

Hesabu hiyo inagusa moja kwa moja ziwa ambalo Waswahili wamelijua tangu zamani za misafara. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9. Samaki wake wa rangi, walio wa jamii moja na sato na perege, hufugwa leo Ulaya, Marekani na Asia. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa miongoni mwa waliowatangaza, akiwasafirisha kutoka Burundi na kuandika kitabu juu yao mwaka 1978. Anayewafuga kwa maji yanayofanana na ya kwao hana nafasi ya kusema kwamba amonia ni kidogo tu. Kidogo hicho, ambacho katika tangi lenye maji chachu kingepita kimya, kwake ni msiba. Hesabu ya amonia isiyoandamana na hesabu ya pH na ya joto ni nusu ya sentensi.

Katika tangi lenye mimea hata sifuri huhitaji kufasiriwa. Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya ikolojia ya matangi ya mimea, alikusanya ushahidi kwamba mimea mingi ya majini hupendelea kuchukua amonia kuliko nitrati. Kwa hiyo amonia sifuri na nitrati sifuri zaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Pengine mimea ina afya nayo imekula kila kitu kabla bakteria hawajagusa. Pengine mimea ina njaa na imeacha kukua. Pengine chupa haikutikiswa. Rangi ni moja katika hali zote tatu, na atakayetofautisha ni yule atazamaye majani mapya pamoja na kadi, kama Warington wa kwanza alivyotazama.

Hali ni hiyo kwa kaboni dioksidi. Kuna jedwali maarufu linalokadiria gesi hiyo kwa kulinganisha pH na ugumu wa kaboneti wa maji. Jedwali ni sahihi kwa sharti moja: pasiwe na kitu kingine kinachosukuma uchachu huku wala huko. Kipande cha gogo kinachotoa rangi ya chai, au fosfati kidogo, hulivunja sharti hilo, na jedwali huendelea kutoa jibu kwa sauti ileile ya uhakika. Wafugaji wenye busara huning'iniza tanginí kikombe kidogo cha kioo chenye maji ambayo ugumu wake wa kaboneti wanaujua, mara nyingi nyuzi 4, pamoja na rangi ibadilikayo kutoka buluu hadi kijani na manjano. Gesi peke yake ndiyo ipitayo hewani na kuingia kikombeni, kwa hiyo shahidi amekingwa na uvumi. Kijani humaanisha miligramu 30 hivi katika lita. Ila shahidi huyu ni mzito wa kusema: asemacho sasa ni habari ya saa moja au mbili zilizopita.

Hatimaye kuna jicho lenyewe. Mwaka 1794 John Dalton, mmoja wa mababa wa kemia, aliwasomea watu wa Manchester habari ya macho yake, ambayo hayakuona rangi kama wengine waonavyo. Tatizo hilo huwapata wanaume zaidi ya wanawake, na wengi hawalijui mpaka watu wazima. Hata jicho zima hudanganywa na taa ya manjano, na kivuli cha mkono, na kutazama kichupa kwa ubavu pale ambapo maelekezo yanataka kitazamwe kutoka juu. Mwanga wa mchana na karatasi nyeupe nyuma ya kichupa huondoa nusu ya mabishano.

Basi ni kwa njia gani shahidi wa rangi huaminiwa? Kwa njia ileile ya maabara za kale: huulizwa kwanza jambo ambalo jibu lake linajulikana. Gramu 1.63 za nitrati ya potasiamu zikiyeyushwa katika maji safi mpaka ikatimia lita moja, hutoa miligramu 1,000 za nitrati katika lita hiyo. Mililita 20 za maji hayo zikiongezwa maji safi mpaka lita moja, hutoa miligramu 20 kamili. Mpimaji akikipima kimiminiko hicho na kadi ikasema 20, amepata haki ya kuyaamini majibu ya tangi lake. Ikisema 5, amejua ukubwa wa uongo kabla haujamdhuru. Maji ya mvuke uliopozwa, yasiyo na kitu, nayo yapimwe ili kuona kama kichupa kichafu kinaleta rangi kutoka kwake. Maji ya bomba nayo yapimwe, kwa maana nitrati nyingine huingia tanginí kutoka mlangoni. Dawa iliyopita tarehe yake itupwe. Na kila jibu liandikwe daftarini pamoja na tarehe, saa, joto na hali ya taa, kwa kuwa jibu moja ni uvumi na majibu kumi yaliyofuatana ni habari.

Wala historia haijafunga mlango. Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vilifundisha majina ya bakteria wa udongo wa Winogradsky kuwa ndio watendao kazi katika matangi. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi nitriti hugeuzwa na bakteria wa jamii nyingine, Nitrospira. Mwaka 2005 kiumbe kigeuzacho amonia ambaye si bakteria kabisa alipatikana katika tangi la maji ya bahari la Seattle Aquarium. Na mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza Nitrospira wanaozifanya hatua zote mbili peke yao, jambo ambalo Warington wa pili asingelitarajia. Vichupa vya rangi havikubadilika katika miaka hiyo; manjano ilibaki manjano na nyekundu ilibaki nyekundu. Kilichobadilika ni maelezo ya kile kilichokuwa kikisemwa.

Ndiyo maana si haki kukilaumu kichupa wala kukiabudu. Priestley na Scheele walikuwa na majibu mema yaliyokosa neno moja, nalo ni mwanga. Frankland na Wanklyn walikuwa na hesabu njema zilizokosa kitu walichokitafuta. Mfugaji wa samaki wa leo, akiwa na matone yake na kadi yake, yu katika safu moja na watu hao, na kosa lake la kawaida ni lao. Akijua dawa yake hupima nini, akapima kwa saa moja isiyobadilika, akaijaribu dawa kwa maji anayoyajua, na akakumbuka kutazama majani na konokono, atapata kile kilichowakosesha wengi usingizi tangu mwaka 1771: jibu dogo la kweli juu ya maji machache. Na samaki, ambao hawawezi kufika barazani kujitetea, hawahitaji zaidi ya hilo.